Jina la Karakana

Kampuni yenu yataka stakabadhi ya fundi.
Fundi ni mimi, Bwana Tveit.
Januari nzima nililala chali chini ya mashua,
vumbi la rangi kuukuu puani,
nikang'oa boliti saba za mkuku,
kila moja na kilio chake.

Risiti ninazo: shaba, gundi, msasa,
soksi mbili za sufu. Hizo zikate.

Umegonga mbao kwa kinyundo, ukatega sikio:
ko, ko, ko.
Ubavu wa kushoto umerudia mara mbili,
ukanitazama.

Sasa penye "Jina la karakana" kalamu imesimama.
Andika Gudveig.
Andika gundi iligoma kwa baridi,
nikaikausha kwa mashine ya nywele hadi alfajiri.
Au hilo nalo halina kisanduku?