Mgongo wa Kisu

Jumapili, Maribor. Ukungu umeuatamia mto Drava
kama kuku aliye juu ya mayai viza,
nami nimesimama jikoni kwa soksi
nikihesabu kwa sauti:
moja, mbili, tatu… tisa.
Tisa tu, na kikombe kimejaa
maji ya rangi ya mfereji.

Espreso ya haki hutaka sekunde ishirini na tano.
Hushuka kwa maringo, nyembamba, nzito,
kama asali inayobembelezwa.
Hii yangu imekurupuka
kama mwizi aliyesikia kitasa.

Kinu nilikinunua kwa mzee wa Trieste aliyefunga mkahawa:
kilo kumi na mbili za chuma, mota imeungua.
Mkwe wangu Tadej akaokota nyingine
kwenye mashine ya mazoezi iliyotupwa,
na mhimili mpya nikaukereza mwenyewe,
mimi Zdenka Hrastnik, miaka thelathini na mmoja
mkereza vyuma katika karakana ya malori
ambamo sasa wanauza mazulia.

Haya, tuulize kwa utaratibu.
Buni? Zilezile, siku kumi tangu zikaangwe.
Kipimo? Gramu kumi na nane; mizani haina undugu.
Nikalifungua tumbo la kinu kwa brashi ya rangi,
nikatoa unga wa juzi, unga wa wiki jana,
na punje moja, nadhani, ya Trieste yenyewe:
jungu kuu halikosi ukoko.
Nikafunga. Nikasaga. Nikahesabu.
Tisa.

Nikayapaka meno ya juu wino wa kalamu nene,
nikakaza mpaka yakagusana, yakalia kwii,
nikayazungusha kwa mkono, nikafungua:
upande wa dirisha wino umefutika,
upande wa jiko upo, mweusi, unanicheka.
Sahani imeinama. Unene wa unywele.
Nikala chokoleti ili nipate karatasi yake ya fedha
(kila kazi na kafara yake),
nikakata kipande cha ukubwa wa ukucha, nikakipachika chini.
Wino ukafutika duara zima.
Kumi na moja.

Hapo nikamlaumu Tadej.
Nikaulaumu ukungu.
Nikamlaumu bwana Rozman wa ghorofa ya juu,
afuaye Jumapili na kuninyonya umeme.
Nikazima swichi kwa hasira,
na kwa kuwa mfuniko nilikuwa nimeuacha wazi
nikaliona jino likipunguza mwendo,
likipita, likipita, likisita,
likitoka kulia, likielekea kushoto.

Nikawasha tena. Nikazima tena.
Kushoto.

Mgongo wa kisu haukati, Zdenka.
Si wewe uliyemfundisha hilo
kila kijana aliyeshika kerezo
na kufunga patasi kichwa chini?
Asubuhi nzima meno yamekimbia kinyumenyume,
yakizipondaponda buni kwa visogo vyao.
Na nyaya mbili kule nyuma, nyekundu na nyeusi,
nani aliziunga?
Si Tadej. Tadej alishika tochi.

Nikachomoa plagi ukutani. Nikabadilisha:
nyekundu palipokuwa na nyeusi, nyeusi palipokuwa na nyekundu.
Dakika mbili, bisibisi moja,
baada ya saa nne na chokoleti nzima.

Sauti ikashuka.
Si kilio tena, ni mguno wa mtu aliyeshiba.
Unga ukatua laini, ukashikamana kama mchanga uliolowa.
Nikashindilia. Nikabonyeza. Nikahesabu:
kumi. Kavu.
Ishirini. Kavu.
Thelathini na tano, tone.
Arobaini, la pili, jeusi kama lami.

Bila shaka. Nilikuwa nimekikaza kwa ajili ya kurudi nyuma;
sasa kinakwenda mbele, na nimekibana koo.
Kilegezwe nukta mbili, labda tatu.
Nitakilegeza.
Kwanza nikakaa,
nikayanywa matone yangu manne kwa kijiko cha mtoto,
machungu, mazito,
na simu ilipoita, jina la Tadej juu ya kioo,
nikaiacha iite kidogo
nipate kumaliza kumeza.