Katoni

Baba aliibeba begani toka Luthuli hadi Makongeni,
inchi kumi na nne, ndani ya katoni yake,
siku tatu kabla ya kura.
Mama alikuwa akichambua dengu. Hakuinuka.
"Pesa gani?" aliziuliza dengu.

Pesa za chama. Zamu yake ilikuwa imefika
baada ya wanawake kumi na mmoja,
na cherehani alishaichagua,
ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni;
alishaipimia nafasi chini ya dirisha kwa futikamba.

"Roda," Baba akasema, "miaka kumi na tisa
naunga mabehewa ya watu wasiolijua jina langu.
Wacha safari hii niione nchi ikigeuka
nikiwa nimeketi."

Siku ya kiapo sebule yetu
(chumba chetu kimoja, yaani)
ilimeza karakana nzima.
Kimondolo wa breki alisimama juu ya ndoo.
Picha ikanyesha mvua, sauti ikakatika,
kaka yangu Habili akatumwa dirishani na antena,
mkono juu, utadhani anayeapa ni yeye.
Hakuona kitu. Alisikia vigelegele vyetu tu.
Mama aliwapikia chai watu thelathini.
Sukari ilikuwa ya kukopa.

Januari, shule ikawa bure.
Watoto wakamwagika kama mahindi gunia likipasuka,
na kila mmoja akitaka sare.
Mama alishona kwa mkono.
Sindano, kidole, sindano.
Hakusema neno, na usiku
tulilisikia lile neno likipita kwenye kitambaa.

Miaka ikaenda. Jioni moja, saa moja kamili,
televisheni yenyewe ikatwambia:
reli itakodishwa, wafanyakazi watapunguzwa.
Mtangazaji alikuwa amevaa tai nzuri.
Baba aliizima, akaiwasha tena,
kana kwamba ingebadili usemi.

Jumamosi aliifuta vumbi kwa shati lake la kazi,
akaipandisha begani. Luthuli tena.
Alirudi na mkokoteni wa kuazima,
cherehani imelazwa juu yake kama mgonjwa.
Haikuwa nyeusi. Haikuwa na maua.
Mkanda ulikuwa umekatika na kanyagio limekwama.
Akaifungua sakafuni, parafujo kwa parafujo,
kwa mikono iliyozoea vyuma vya tani,
akaipaka grisi ya karakana,
ile aliyokuwa ameificha kwenye kopo la unga wa uji,
sijui akiingojea siku gani.

Kulipokucha Mama aliketi, akakanyaga.
Ilikohoa, kisha ikakubali.
Hakumshukuru. Alimpa vifungo.
"Vinne kila shati," akasema. "Usiruke."

Katoni haikutupwa. Ipo chini ya kitanda,
imejaa nyuzi na vipande vya buluu.
Ubavuni, kwa kalamu ya Baba, tarehe ya ile kura,
imepigiwa mistari miwili;
na juu ya tarehe, kwa mwandiko wa Mama,
kifua, bega, urefu wa mkono
wa mtoto wa mtu.