Karatasi ya Kwemzinga

Bi Zuwena wa masjala aliitandaza mezani,
akaikandamiza pembe zake:
punchi, stepla, kikombe cha chai kisicho na chai,
na kiganja changu.
"Wino usiikaribie," akasema.
"Imewazidi umri mabosi wote wa jengo hili."

Skeli: moja kwa elfu hamsini.
Upana wa gumba langu ni kilomita nzima.
Chozi likidondoka hapa, Muheza inapata bwawa.
Sikulia. Nilikuja kutafuta nyumba.

Darasani tuliimba: kontua zikikaribiana, mlima ni mkali.
Hatukuambiwa kwamba hapo ndipo
mtu mwenye mtumba wa mkonge begani
huanza kuhemea mdomoni,
kwamba babu alizisoma kontua hizi kwa magoti
kabla hazijachorwa.

Alitoka Njombe na blanketi moja na jina, Lutengano Ngailo.
Jina wakalipokea stesheni, wakampa namba.
Wakampa na kipande, kadi ya vijumba thelathini;
siku ya homa, kijumba kilibaki kitupu,
na kijumba kitupu hakinunui chumvi.
Baba, aliyezaliwa huko, alikumbuka jambo moja tu:
"Tulikaa nyumba ya nne. Mlango ulitazama reli ya troli."

Nikasoma ufunguo kama anayesoma orodha ya waliofaulu.
Msalaba: kanisa. Hilali: msikiti.
Duara la buluu: kisima.
Kijimea cha kijani, kidogo kuliko chawa: mkonge.
Vijimea hivyo vilijaa karatasi, vimepanga gwaride,
hakuna kilichosahauliwa.
Mtu hakuwa na alama.

Kwemzinga wameiandika Kwemsinga.
Aliyeuliza alikuwa na haraka, au aliyejibu hakuwa na meno.
Chini yake, vibanda sita vyeusi, msitari mmoja,
na neno Kambi.
Nikahesabu kutoka kushoto: cha nne.
Nikahesabu kutoka kulia: cha nne ni kingine.
Reli imepita katikati, inawatazama wote.

Jumamosi nikapanda bodaboda,
nakala imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.
Mama Shemweta alikuwa anajaza matenga ya machungwa.
"Kambi? Hapa? Hapa ni michungwa tangu enzi."
Nikamwonyesha vibanda. Akaigeuza karatasi juu chini,
akanirudishia kama noti bandia.
"Labda unasema Kwa Wabena," akanyoosha mdomo kule bondeni.
"Bibi zetu walitukataza kuchuma uyoga pale.
Hawakusema kwa nini. Nasi hatukuuliza, uyoga upo kila mahali."

Kwa Wabena haimo kwenye ramani.
Kambi haimo kwenye vinywa.
Nilisimama katikati ya hayo mawili, siafu wakinipanda miguuni.

Kisha nikaiona: mikonge kumi na mmoja
ndani ya shamba la machungwa,
haikupangwa kwa kamba ya msimamizi,
huu umekaa karibu na ule, huu umejitenga,
kila mmoja kichwani mwa tuta lililokwisha kuwa bapa.
Mama Shemweta alisema jembe hupita pembeni.
Amri ya nani? Akainua mabega. "Ya jembe."

Karatasini, alama ni ya mkonge.
Huku, mkonge ndio alama.

Sijui babu ni upi. Niliusalimia wa nne,
halafu nikaona haya mbele ya kumi,
nikarudi nikasalimia wote, kwa Kibena changu cha kuokoteza.

Jumatatu Bi Zuwena alinitandazia tena,
kikombe kilekile, punchi ileile.
Nikamweleza. Hakusema pole.
Akavuta mtoto wa meza, akatoa penseli fupi
iliyotafunwa kitakoni,
akaiweka juu ya Kwemsinga,
kisha akaenda kufunga dirisha
ambalo tayari lilikuwa limefungwa.