Jalada Namba Arobaini na Moja

Waliniita kwa samansi, mimi
niliyezoea kuandika samansi za wengine.
"Bi Sechelela, uje na jalada."

Nilikuwa nimelitafuta siku mbili
katika masjala ya nyuma, pale Kongwa,
ambako vumbi jekundu hupita chini ya mlango bila hodi
na mchwa husoma kabla ya hakimu.
Mwaka 2007 walikuwa wameshautafuna hadi Juni.
Kesi yangu ilikuwa ya Agosti.

Ndahani Chibago. Kuvunja ghala, Mlali.
Magunia sita ya karanga. Miaka miwili jela.
Nikanakili ukurasa wa hukumu,
nikagonga muhuri, nikaupuliza wino ukauke,
nikaandika: Nakala hii ni sahihi.

Kizimbani mtu ametiwa hatiani asubuhi ileile,
safari hii alizeti, Kibaigwa, magunia manne,
na mwendesha mashtaka anataka adhabu inenepe:
"Mheshimiwa, huyu si mgeni hapa. Ana rekodi."
Mtu akaitazama karatasi
kama anayeoneshwa picha ya harusi asiyoalikwa.
"Jina hilo ni la babu," akasema.
"Alipokufa aliacha ng'ombe watatu na jina moja.
Ng'ombe waliisha. Akina Ndahani tuko wanne."

Nikala kiapo. Nikaulizwa kama hati ni ya kweli.
Ni ya kweli.
Nikaulizwa kama ni ya huyu.
Nikasema kazi yangu ni kuthibitisha karatasi;
mtu hagongwi muhuri.
Watu wakacheka kidogo. Hakimu hakucheka.

"Alama za vidole?"
Ipo moja. Dole gumba la kushoto,
na pembeni mwandiko wa marehemu Mzee Mheluka,
karani wa enzi zile:
wino umekwisha, vidole vingine baadaye.
Hiyo baadaye haikufika.
"Mshtakiwa, nyosha mkono wa kushoto."
Akanyosha. Vidole vinne.
Gumba lilibaki kwenye mashine ya kukamua mafuta
miaka tisa iliyopita, na cheti cha zahanati anacho,
kimekunjwa mara nane,
kina muhuri kama wangu.

Feni ilizunguka. Mbuzi wa mtu akalia karibu na mahabusu.
Hakimu akaandika kwa muda mrefu,
kisha akasoma: jina si mtu;
mahakama itamhesabu mkosaji wa mara ya kwanza.

"Una la kusema kabla ya adhabu?"
Akameza mate.
"Naomba maji ninywe kwanza, Mheshimiwa.
Neno kavu halifiki."

Kalamu ikaniponyoka.

Ukurasa wa kumi na moja, ambao sikuunakili
kwa kuwa walioagiza walitaka hukumu tu,
mwandiko wa Mzee Mheluka, ulioinamia kulia:
Mshtakiwa anaomba maji anywe kwanza.
Anasema neno kavu halifiki.

Labda ni msemo wa babu, na huo nao waligawana.
Labda.
Nilikuwa bado benchi la mashahidi,
jalada mapajani, kidole changu katikati ya kurasa,
kiapo bado kibichi mdomoni.
Hakuna aliyeniuliza.

Polisi akaleta maji kwa kikombe cha plastiki.
Mtu akanywa yote, taratibu,
akafuta midomo kwa mkono wenye vidole vinne,
akasema asante,
sijui kwa nani.