Daftari la Saa

Katika daftari la chuo nina saa sitini na mbili.
Zikitimia mia, Bi Mwanasiti ataweka sahihi,
nami nitaitwa mnasihi.

Leo, kliniki ya Tudor, kijana wa bandarini
alinyamaza dakika kumi na moja.
Nikanyamaza naye. Feni ikasema peke yake.
Nikaandika: saa moja.

Nilirudi Majengo na kimya chake begani
kama mfuko wa mtu aliyeniambia, nishikie kidogo,
akapotea.
Nikateleka wali, nikafungua ripoti. Wali ukashika.
Tima akaja akasimama mlangoni.
"Mama, Nasra hakai nami tena."
Nikamjibu kwa sauti ya darasani:
"Nnasikia kwamba umeumia."

Akaniangalia kama mgeni aliyekosea nyumba.
"Usininasihi, mama. Nisuke."

Basi nikavuta kigoda, kichwa chake magotini,
mafuta kiganjani, kitana nimekiuma menoni,
hata ningetaka kusema nisingeweza.
Njia ya kwanza ilikwenda kombo.
Ya pili ikanyooka.
Kwenye ya nne akaanza mwenyewe:
dawati, penseli iliyovunjika, kicheko cha nyuma ya darasa,
mpaka lile la Alhamisi
ambalo hakumwambia hata bibi yake.
Umeme ukakatika. Nikaendelea kwa vidole.

Ilikuwa saa moja na robo, nadhani.
Hiyo sikuiandika popote.

Kisha tukakwangua sufuria gizani,
tukala ukoko kwa mkono,
tukibishana nani kapata kipande kikubwa.
Alikuwa yeye.
Ripoti ikalala wazi, sentensi nusu.