Sombe Mezani

Nilimwita Sombe kwa sababu ya wizi:
chungu kizima, na mawese yake, na kifuniko akakilamba,
kisha akalala jikoni kama mwenye nyumba.

Siku hizi ana kazi.
Kabla jua halijapasha mawe tunashuka Buhene,
pale lava ilipochoka ikaganda,
jiwe jeusi lenye makali ya chupa iliyovunjika,
nami nampangia njia:
bidoni mbili za njano, mpini wa jembe juu yake. Ruka.
Mapipa matatu yaliyong'olewa vitako. Pita.
Fito kumi na mbili za mikaratusi,
kushoto, kulia, kushoto, mwili ukijisuka
kama nywele za binti anayechelewa misa.
Kisha ubao wa chukudu ya marehemu Katembo,
umelazwa juu ya jiwe, huku unapanda, huku unashuka.
Taratibu, mama. Taratibu.
Mshahara ni sambaza mmoja mkavu. Huanza na kichwa.

Mama Nzigire huegemea ukuta wa ua:
"Kavugho, watu wanalala njaa,
wewe unafundisha mbwa kucheza?"
Sina jibu. Nina filimbi.

Hakuna kilichomshinda, ila meza.
Meza ni mbao nne na miguu minne:
mbwa apande, akae, hesabu tano, ashuke.
Mbuzi angeweza.
Lakini ili akae sharti nimwambie Ngoja,
na neno hilo nililitumia siku moja, likaisha.

Amri ilikuja alfajiri: mji uhame.
Ardhi ilitetemeka kama mgonjwa wa malaria,
barabara ya Sake ilijaa magodoro yanayotembea.
Kwenye kamioneti palikuwa na nafasi
ya watoto watatu na mguu wangu mmoja.
Nilimwekea maji mlangoni, kwenye bakuli la bati.
Nikasema: Ngoja.

Siku kumi na mbili.

Nilimkuta palepale. Bakuli limejaa majivu.
Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani.
Hakubweka. Alitazama kwanza mikono yangu,
ndipo akainuka,
kama mtu aliyepewa ruhusa.
Waliotunga methali walimdharau sana mbwa.
Wangemwona yule.

Jumapili, uwanja wa shule, Himbi. Mbwa kumi na mmoja.
Daktari wa mifugo, Bisimwa, ana simu mkononi, ndiyo saa yetu.
Mbwa mmoja ametoka Bukavu kwa meli,
kitambaa cha hariri shingoni, anatembea kama waziri.
Sombe aliruka. Alipita. Alijisuka.
Kwenye ubao alisubiri mti uguse ardhi,
akashuka bila kunitazama, na watoto wakapiga kelele.

Kisha meza.
Akapanda, masikio chini.
Wenzangu hapa hutangulia hatua tatu,
waokoe sekunde, wamwachie mbwa lile neno.
Mimi sikusema kitu.
Nilisimama mbele yake, viatu ndani ya kivuli cha meza,
nikahesabu kwa macho:
moja, siendi.
Mbili, siendi.
Tatu, mtu akacheka nyuma yangu.
Nne.
Matako yake yakashuka polepole, yakagusa mbao.
Bisimwa akaanza kuhesabu upya, kwa sauti, maana sheria ni sheria.
Tano zake zilikuwa ndefu kuliko zangu.
Sikwenda.

Wa saba.
Zawadi ya wa saba ni makofi na soda ya vuguvugu.

Jioni Mama Nzigire akapitisha sahani juu ya ukuta,
sombe ya moto, na dagaa ndani:
"Hii ni yako wewe. Si ya huyo."
Niliiweka mezani, nikaenda kunawa mikono.

Niliporudi sahani ilikuwa inang'aa,
na yeye amelala jikoni kama mwenye nyumba.

Hakungoja.
Mungu ashukuriwe, hakungoja.