Kilo Mbili Nyuma ya Sifuri

Walipomtua Hashimu Nantanga uani mwa msikiti, Kitangari,
jeneza limefunikwa shuka la kijani,
shehe aliuliza kama ilivyo desturi:
"Mnamjuaje?"
Tukasema, mwema.
Na kweli. Alifunga Jumatatu na Alhamisi,
sugu ya sijda ilimkaa usoni, nyeusi
kama ganda la korosho lililopitiwa na moto,
na bomba tulilotawadhia
alilileta yeye.

"Nani anamdai?"

Kimya. Kisha mtoto, Muhibu, wa darasa la nne,
kandambili mkononi:
"Bibi kanituma. Kilo mbili. Msimu wa juzi."

Mtu akacheka puani.
Shehe hakucheka.
Mikono aliyokwisha kuinyanyua, akaishusha.

Mimi nilikuwa mpagazi wa ghala.
Miaka sita nilipandisha magunia kwenye ile mizani,
na kila asubuhi niliuona mshale
ukianza safari nyuma ya sifuri.
Nilijua. Kila mfungo nililetewa unga na sukari,
na ulimi wangu ukajifunza
kutafuna na kunyamaza kwa pamoja.

Mtoto wa marehemu akatoa pochi.
"Siku ile korosho ilikuwa shilingi ngapi?"
Muhibu akatikisa kichwa.
"Bibi hataki hela. Anasema yake kasamehe,
ila gunia lake halikuwa peke yake kwenye foleni."

Tukaswali.
Takbira nne, hakuna rukuu, hakuna sijda,
hakuna pa kuufichia uso.
Bega langu liligusana na la Mfaume,
na hili bega ndilo lililobeba gunia lake
hadi pale lilipopunguzwa.

Usiku huu sijalala.
Chuoni tulifundishwa: ya Mungu, Mungu huyasamehe;
ya waja yanawangoja waja.
Yeye yu karibu nami kuliko mshipa wa shingo,
naweza kumwomba hapa hapa, ubavu kitandani.
Lakini Bi Somoe Mnali anakaa
nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga,
na ukimpita yeye yuko Mfaume,
yuko yule mjane wa mteremko wa kisimani,
wako waliohamia Masasi
ambao majina yao sikuyashika,
nilishika magunia.

Adhana ya alfajiri bado.
Nimevaa viatu, nimekaa.
Hodi ninayo.
Neno la baada ya hodi
sijalipata.